Mama Hana Nafasi? Nani Ameichukua?

Kuna neno linalosemwa sana katika parokia zetu, tena linasemwa kwa huruma: ya kuwa mama wa nyumba hana nafasi ya kusoma Maandiko Matakatifu, kazi zake ni nyingi mno, yamtosha Rozari yake na Misa ya Dominika. Mababa wanalisema, wamama wenyewe wanaliitikia, hata viongozi wa jumuiya wanalipokea kana kwamba ni kweli tupu. Sisi twalikataa. Hatulikatai kwa kuwa kazi za mama ni chache. Twalikataa kwa kuwa linaficha jambo. Nafasi ya mama haikupotea njiani. Imechukuliwa, na walioichukua wanaketi naye nyumbani.

Tazameni siku ya mama hapa Kasaji. Alfajiri anafuata maji. Kisha anakwenda shamba. Mihogo haigeuki unga yenyewe: yataka kung'olewa, kulowekwa, kumenywa, kuanikwa, kutwangwa na kuchekechwa, ndipo bukari ipikwe. Sombe nalo lataka kinu. Mwingine anauza makala au unga kando ya barabara ya Kolwezi apate fedha ya shule ya watoto. Jioni baba ameketi kitini, vijana wa kiume wanasikiliza redio, na mama angali anasugua sufuria. Halafu sote kwa pamoja twasema: maskini, mama hana nafasi! Je, robo saa yake iko wapi? Imekaa pale kitini pa baba. Imekaa mikononi mwa kijana mwenye nguvu ambaye hajapata kushika mchi tangu azaliwe.

Wako wahubiri wanaowapiga wamama kwa habari ya Marta na Maria, ile ya sura ya 10 ya Injili ya Luka. Wanasema: mama, uache masumbuko yako, uketi miguuni pa Bwana kama Maria. Maneno mazuri. Lakini mhubiri yule yule, akimaliza kuhubiri, anangoja kupakuliwa chakula. Atakayekipika ni nani, ikiwa wote wameketi? Mwenye kumtaka Marta aketi, na ashike yeye mwiko. Tena wasisahau kwamba Marta huyo huyo, katika sura ya 11 ya Injili ya Yoane, ndiye aliyemkiri Bwana kuwa ni Kristu, Mwana wa Mungu, sawasawa na Petro. Mtu wa jikoni alikuwa ameshika mafundisho vizuri. Basi kazi ya mikono haimzuii mtu kumjua Kristu, ila wenzake wakimwachia kazi yote peke yake.

Wengine husema Biblia ni mambo ya Waprotestanti. Hilo ni kosa, tena ni kosa la zamani. Mtakatifu Yeronimo, aliyefasiri Maandiko kwa Kilatini huko Betlehemu, alisaidiwa sana na Mtakatifu Paula, mjane wa Roma, mama wa watoto watano. Alimwandikia barua pia Laeta, mke wa mwana wa Paula, akimfundisha namna ya kumlea binti yake mdogo katika Maandiko tangu utoto. Tarehe 18 Novemba 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa hati iitwayo Dei Verbum. Hati hiyo yawahimiza Wakristu wote wasome Maandiko mara kwa mara, na kusali wanaposoma. Imesema wote. Haikuwatoa wenye watoto mgongoni.

Wengine tena watasema Rozari yatosha. Nani atasema vibaya juu ya Rozari? Lakini mafumbo yake karibu yote yametoka katika Injili. Mwaka 2002 Papa Yoane Paulo II, katika barua yake juu ya Rozari, alishauri tusome kipande cha Maandiko kila tunapotaja fumbo. Na Bikira Maria mwenyewe, mama wa nyumba ya Nazareti, alipoimba nyumbani kwa Elizabeti, wimbo wake ulifanana sana na wimbo wa Hana, mama wa Samweli. Aliyashika Maandiko ya taifa lake moyoni. Basi mtu asitumie Rozari ya Maria kumzuia mama asifanye alilofanya Maria.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini mnapiga kelele hivi kwa ajili ya robo saa? Kwa sababu kuna watoto wanaoteseka.

Katika miji ya nchi yetu, Kinshasa, Mbuji-Mayi, hata Lubumbashi, watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi. Namna yake yajulikana. Mtoto mmoja anaugua, baba anakosa kazi, jamaa mmoja anakufa. Anatokea mtu ajiitaye nabii, ana Biblia mkononi, anafungua mstari mmoja wa kitabu cha Kutoka, anamnyoshea kidole yatima aliye nyumbani, au mtoto mwenye kifafa, au yule mkaidi. Mara mtoto anafungiwa, ananyimwa chakula, anapigwa ili pepo atoke, mwisho anatupwa barabarani. Sheria ya nchi inakataza jambo hili: Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, ambayo inatoa adhabu. Lakini polisi hayumo nyumbani saa nabii anaponyosha kidole. Aliyemo ni mama.

Mama asiyejua Maandiko atajibu nini? Mbele yake yuko mtu mwenye kitabu, naye ana Rozari yake na machozi. Lakini mama aliyezoea kusoma atamwambia: fungua pia sura ya 9 ya Injili ya Yoane. Pale wanafunzi walimwuliza Bwana juu ya kipofu wa tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana akakana yote mawili. Fungua sura ya 18 ya Matayo, utaona Yezu akimweka mtoto katikati ya mitume, na kumtisha kwa jiwe la kusagia yeye atakayemkosesha mdogo mmoja. Na akiambiwa ya kwamba ni vibaya kumpima mtu wa Mungu, atajibu kwa sura ya 17 ya Matendo ya Mitume: watu wa Beroya walichunguza Maandiko kila siku wapate kujua kama maneno ya Paulo ni kweli, nao wanasifiwa, na wanawake wamo katika hesabu yao. Ikiwa Paulo alipimwa, nabii wa sokoni ni nani asipimwe? Mstari mmoja uliokatwa waweza kumtoa mtoto nyumbani. Mama aliyeisoma Injili nzima anaweza kumrudisha.

Basi, afanyeje mama mwenye kazi nyingi? Hatumwambii asome saa nzima. Mzigo huo utamshinda wiki ya kwanza, kisha atajiona mkosaji na kuacha kabisa. Reli ya Tenke mpaka Dilolo ipitayo hapa kwetu, iliyomalizika mwaka 1931, ililazwa chuma kwa chuma, na siku kwa siku. Yafaa mama achague robo saa moja, iwe ile ile kila siku, baada ya chakula cha jioni kabla taa haijazimwa, au alfajiri watoto wakiwa wangali wamelala. Aanze na Injili ya Marko, maana ni fupi: sura 16 tu. Akisoma nusu sura kila siku, ataimaliza kwa siku 32. Asome polepole, ajiulize swali moja tu: hapa Bwana anafanya nini? Neno moja lililomgusa alichukue shambani, alitafakari huku akitwanga. Siku akiugua au mtoto akiwa na homa, asihesabu deni. Kesho aendelee pale alipoachia.

Na mama asiyejua kusoma? Huyo hana udhuru mkubwa kuliko wengine, wala hana aibu yoyote. Awe na mtoto wa shule amsomee kwa sauti, kwa Kichokwe, kwa Kilunda au kwa Kiswahili, lugha ile iingiayo moyoni. Hivyo watajifunza wawili kwa robo saa moja. Mtume Paulo, alipomwandikia Timoteo, alitaja imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, akamkumbusha kwamba ameyajua Maandiko tangu utoto. Askofu yule alianza darasa lake nyumbani.

Lakini hayo yote ni bure ninyi mababa msipoamka. Msimnunulie mama Biblia siku ya Noeli na kumwachia mzigo ule ule siku inayofuata. Baba aoshe sufuria, mtoto wa kiume ashike mchi na ndoo ya maji. Mtu akiwacheka, acheni acheke. Na ninyi viongozi wa jumuiya, kila mkiwaita wamama kufagia kanisa, kupika kwa wageni na kushona nguo za altare, jiulizeni kama mmepata kuwaita walau mara moja kusoma Injili pamoja. Kufagia kanisa ni kwema, ila vijana nao wana mikono.

Tangu Papa Fransisko alipoandika tarehe 30 Septemba 2019, Dominika ya tatu ya kipindi cha kawaida cha mwaka ni Dominika ya Neno la Mungu katika Kanisa lote. Tusiingoje. Jioni ya leo, katika kila nyumba ya Kikristu, baba aulize mbele ya watoto wote: robo saa ya mama ni ipi, na nani atashika kazi yake wakati huo? Ajibiwe kwa majina. Kisha taa isogezwe karibu na mama, na watu wote wanyamaze.