Mtoto ana saratani ya damu: je, vidonge vya "kusafisha damu" vinamsaidia?

Mzazi akishaambiwa kwamba mtoto wake ana saratani ya damu, ushauri huanza kumiminika. Jirani analeta chupa ya dawa ya mitishamba. Ndugu anatuma kwenye WhatsApp tangazo la vidonge vya antioksidanti, vinavyodaiwa kusafisha damu na kuondoa sumu. Wote wana nia njema. Lakini kabla hujatoa pesa, mama, jiulize: je, vidonge hivi vinashirikiana na dawa za hospitali, au vinapingana nazo?

Antioksidanti ni nini?

Ukimenya ndizi mbichi ukaiacha mezani, inageuka nyeusi kwa sababu ya oksijeni iliyo hewani. Ukiiweka kwenye maji yenye ndimu, inachelewa kubadilika. Mwilini hutokea jambo linalofanana na hilo. Seli zinapotumia oksijeni kutengeneza nguvu, huzalisha pia chembe kali ziitwazo radikali huru, ambazo huharibu kuta za seli na vinasaba. Mwili hujikinga kwa antioksidanti: nyingine unazitengeneza wenyewe, kama glutathioni, na nyingine hutoka kwenye chakula, kama vitamini C na E. Radikali zikizidi kinga hiyo, hali hiyo huitwa msongo wa oksidishaji.

Wagonjwa wengi wa saratani ya damu wana msongo huu. Ndiyo maana wauzaji husema, "Mpe antioksidanti nyingi." Tatizo ni kwamba seli za saratani nazo hutumia antioksidanti kujilinda.

Kwa nini vidonge vinaweza kudhuru?

Baadhi ya dawa za saratani ya damu, kama ile dripu nyekundu ya doxorubicin au daunorubicin, huharibu vinasaba vya seli za saratani na pia huzalisha radikali huru. Madaktari wanahofia kwamba dozi kubwa za antioksidanti zinaweza kuzikinga seli ambazo dawa imekuja kuziua.

Vitamini kuleta madhara si jambo jipya. Miaka ya 1940 huko Boston, Marekani, daktari Sidney Farber aliona kwamba watoto wenye saratani ya damu waliopewa asidi ya foliki, ugonjwa wao ulikwenda kasi zaidi. Akageuza njia, akatumia dawa inayoizuia vitamini hiyo. Mwaka 1948 alitangaza kuwa baadhi ya watoto walipata nafuu kwa muda. Methotrexate, inayotumika hadi leo, ni ya ukoo wa dawa hiyo. Kwa hiyo usimpe mtoto vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki ya wajawazito, kwa kuwa vina asidi ya foliki. Lakini daktari akimwandikia dawa ya foliki baada ya methotrexate, mpe kwa saa alizopanga, usiruke.

Nchini Finland, utafiti wa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 ulitoa matokeo yake mwaka 1994. Waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao.

Pia, katika maeneo yenye malaria kama yetu, baadhi ya watoto, hasa wavulana, huzaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu. Vitamini C nyingi kwa njia ya dripu inaweza kupasua seli nyekundu za mtoto huyo.

Basi nimpe nini?

Mpe chakula. Utafiti wa watoto wenye saratani ya damu uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba waliopata vitamini hizi kidogo kwenye mlo walipata madhara zaidi ya dawa. Mchicha, karoti, maharage, papai, embe na chungwa vinatosha kwa kiasi cha kawaida cha mlo. Osha, pika viive, na matunda yamenye mwenyewe nyumbani. Chembe nyeupe zikishuka, epuka kachumbari na juisi za mtaani, kwa sababu mtoto hupata maambukizi haraka.

Ukienda kliniki

Weka kwenye mfuko mmoja kila kitu anachotumia mtoto: vidonge, unga, mitishamba, chai. Mwonyeshe daktari au mfamasia bila kuficha. Uliza: Je, hiki kinapingana na dawa zake? Je, mtoto amepimwa G6PD? Chembe nyeupe zake ziko ngapi leo?

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani katika nchi tajiri hupona, lakini katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Lengo lake ni kufikia angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Sababu mojawapo ya pengo hilo ni familia kuacha matibabu njiani, mara nyingi kwa kukosa pesa. Mama, pesa ya chupa moja ya "kusafisha damu" inaweza kuwa nauli ya kliniki ijayo. Anza na nauli.