Kodi ya Chujio la Maji Iondolewe Dukani

Wakulima wenzangu wa Nakuru, Gilgil na Naivasha hawana haja ya kuelezwa habari za meno ya kahawia. Twayaona kila siku shuleni na sokoni. Mtoto hupiga mswaki asubuhi na jioni, lakini meno hayatakati, na akicheka hufunika kinywa kwa mkono. Kosa si lake, wala si la mama yake. Kosa ni la maji.

Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana madini yaitwayo floraidi, yatokayo katika mawe ya volkeno. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja. Visima vingi vya kwetu vimepita kiasi hicho. Mtoto akinywa maji hayo katika miaka yake 8 ya kwanza, meno ya ukubwani huharibika yangali ndani ya ufizi, na yakiisha kuota hayatengenezeki kwa mswaki. Maji yakimwagika hayazoleki. Na mtu akinywa floraidi nyingi mno kwa miaka mingi, hata mifupa na viungo vyake huuma na kukakamaa.

Wengine hudhani kwamba kuchemsha kwatosha. Kuchemsha ni kuzuri, kwani huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini floraidi haifi kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki ile ile katika maji machache zaidi. Chujio la mchanga nalo haliizuii. Chujio linaloweza kazi hiyo ni lile la makaa ya mifupa ya ng'ombe, ambalo limetumika Nakuru kwa miaka mingi. Makaa hutiwa ndani ya ndoo, maji hupita polepole, na floraidi hunaswa humo.

Basi yafaa Serikali itumie kodi kuwasaidia watu kuweka machujio nyumbani. Lakini tuangalie vizuri ni msaada wa namna gani, maana upo unaomfikia mkulima na upo unaompita.

Njia moja ni kumpunguzia mtu kodi ya mapato akionyesha risiti ya chujio. Hiyo yamfaa mwenye mshahara. Lakini mkulima wa ekari mbili, mwenye ng'ombe mmoja na viazi kidogo, mara nyingi hana kodi ya mapato anayolipa. Utampunguzia nini mtu asiyetozwa? Naye ndiye anayekunywa maji ya kisima.

Njia ya pili ni kuondoa kodi dukani. Hapa Kenya kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ni asilimia 16. Chujio la shilingi 5,000 likitozwa kodi hiyo, mnunuzi atatoa shilingi 5,800. Mkulima akiuza maziwa kwa shilingi 40 lita moja, hizo shilingi 800 ni lita 20. Punguzo la namna hii halitaki fomu wala safari ya mjini. Mama huliona pale pale anapohesabu fedha zake.

Tena punguzo lisiishie kwenye ndoo peke yake. Makaa ya mifupa hujaa floraidi baada ya muda, na lazima yabadilishwe. Chujio lenye makaa yaliyochoka ni pambo tu. Kwa hiyo makaa mapya nayo yaondolewe kodi, na vilevile matangi na mifereji ya paa, kwa kuwa maji ya mvua yana floraidi kidogo sana.

Jambo hili si geni. Mwaka 2000 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kupunguza au kuondoa kodi za vyandarua, ili malaria ipungue. Hapa kwetu vyombo vya umeme wa jua viliwekewa VAT mwaka 2020, na mwaka 2021 vikasamehewa tena. Ikiwa taa ya jua yastahili msamaha, maji ya mtoto je?

Wapo watakaosema kwamba wenye maduka watameza punguzo hilo. Neno hilo lina kweli. Basi bei ya kabla na ya baada itangazwe wazi, na punguzo wapewe wauzaji wa machujio yaliyopimwa na Shirika la Viwango tu. Nasi wakulima tuna wajibu wetu: tupeleke maji yetu yakapimwe kabla ya kununua, kwa maana chujio lisilofaa maji yako ni fedha iliyotupwa.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kila mwaka Bunge huita maoni ya wananchi juu ya Mswada wa Fedha. Tusikae kimya halafu tukanung'unika. Tuandike, twende barazani, tuseme: kodi ya chujio iondolewe dukani. Watoto walio matumboni leo wangali na nafasi ya kuota meno meupe.