Huruma kwa Paka Nayo Ina Kipimo

Ndugu Waislamu, tunaijua sote Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Hadithi hiyo, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inatuwajibisha kulisha. Je, inaturuhusu kushindilia?

Paka wa msikitini hulia kila baada ya Swala. Huyu humpa dagaa, yule kichwa cha samaki, wala hakuna anayeuliza kama amekwisha kula. Kilio hicho si njaa daima. Mara nyingi ni mazoea tuliyomfunza sisi wenyewe. Unene humletea kisukari na maumivu ya viungo, naye hana ulimi wa kutulaumu.

Rai yetu ni kuwa ateuliwe mtu mmoja, ampe kiasi maalumu asubuhi na jioni, na maji safi yasikosekane. Akila sana huku akikonda, huenda ana minyoo au maradhi mengine. Apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Allah (s.w.) ametukataza israfu katika kula (Al-A'raf, 7:31). Basi tusimfanyie mnyama lile tulilokatazwa nafsini mwetu. Yeye ni amana, na amana hutunzwa kwa kipimo.

Wabillahi Tawfiq.