Nauli Imekwisha Kulipwa: Je, Twende au Tungoje?



Kila mara kolera inapopanda huko kwenye maziwa ya Lualaba, watu wa Likasi hutujia hapa barazani kwa hospitali na swali moja. Hawaulizi habari za dawa. Wanasema: "Munganga, nauli nimekwisha kulipa. Ndugu zangu wananingoja Kikondja. Niende, au nikae?"

Swali hili si dogo. Ndani yake mna franka, mna heshima ya jamaa, mna na uhai wa watu. Kwa hiyo sitalizungukazunguka. Shauri langu ni hili: safari inayoweza kungoja, ingoje. Nitakueleza sababu zangu, kisha nitakuambia jambo lililonipata mimi mwenyewe, upate kupima maneno haya.

Ugonjwa husafiri pamoja na wasafiri

Wewe mtu wa Likasi waijua njia. Reli ilifika Bukama mwaka wa 1918, na tangu zamani hizo Bukama ni mahali ambapo watu hushuka garini na kupanda mashua. Kutoka hapo mto Lualaba huingia katika nchi ya maziwa, Upemba na Kisale, mpaka Kikondja, na mbele zaidi mpaka Malemba-Nkulu. Samaki wa huko twawala hapa pamoja na bukari. Wazee wetu wengi wako huko, na makaburi yetu vilevile. Njia hii hutuletea mema mengi. Lakini kolera nayo yaijua njia hii.

Kolera, ambayo wengine huiita kipindupindu, huletwa na mdudu mdogo sana asiyeonekana kwa macho. Hukaa tumboni mwa mtu, hutoka katika mavi yake, na akifika majini huingia kinywani mwa mtu mwingine. Hana mabawa wala miguu. Hutembea kwa mikono yetu, vikombe vyetu, chakula chetu na safari zetu.

Sasa fikiri mashua iliyojaa. Watu wameketi bega kwa bega, na watoto, na mbuzi, na magunia. Choo hakuna. Maji ya mto yako karibu, nayo huchotwa kwa kikombe kimoja: ya kunawa, ya kupika, ya kunywa. Ikiwa mmoja ana mdudu huyu, nani ataokoka kwa ujanja wake?

Tena ujue neno hili, maana wengi hawalijui. Watu walio wengi wanaoingiwa na mdudu wa kolera hawaugui kabisa, au huharisha kidogo tu. Hata hivyo mdudu hutoka katika choo chao kwa siku moja hata siku kumi. Na yule atakayeugua, ugonjwa waweza kuonekana baada ya saa kumi na mbili tu, au baada ya siku tano. Basi mtu aweza kupanda mashua akiwa mzima, akacheza ngoma ya arusi akiwa mzima, akarudi Likasi akiwa mzima, na kumbe amebeba mauti ya mtoto wa jirani yake. Kwa sababu hii haitoshi kuuliza, "Je, mimi nitaugua?" Uulize pia, "Nitawaletea nini wale walio nyumbani?"

Haya si mambo ya jana

Wenye elimu ya magonjwa wanahesabu kwamba hii ni mara ya saba kolera kuzunguka dunia. Mara hii ya saba ilianza Indonesia mwaka wa 1961, ikaingia Afrika mwaka wa 1970, na mpaka leo haijaisha. Mwaka wa 1978 ilionekana kwenye pwani ya ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie. Baadaye ilipata makao katika nchi ya maziwa yetu, na mara kwa mara hutoka huko kwa nguvu mpya. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008 ilikuwa hapa Likasi na Lubumbashi pia, na wako kati yetu wanaokumbuka wagonjwa walivyoletwa kwa mikokoteni na kwa mabega ya ndugu zao. Mwaka wa 2017 katika Kongo yote walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 50,000, na waliokufa walipita 1,000.

Usidhani pia kwamba hatari hii ni ya maskini na mashua za mbao tu. Mwezi wa Januari 2020 meli kubwa ya anasa iitwayo Diamond Princess ilitoka Yokohama, katika Japani. Ilikuwa na vyumba safi, vyoo, na waganga. Ndani yake mlikuwa na abiria mmoja aliyeshuka Hong Kong, na baada ya kushuka akaonekana ana ugonjwa wa Korona. Meli ilirudi Yokohama mwezi wa Februari, ikazuiwa hapo. Kati ya watu 3,711 waliokuwamo, zaidi ya 700 walipatikana na ugonjwa ule. Abiria wake walikuwa wamelipa nauli zao, tena nauli kubwa.

Katika mwaka ule serikali yetu ilikata shauri kwa ajili yetu. Ilikataza watu kusafiri kati ya Kinshasa na majimbo, na Lubumbashi ikafungwa kwa saa 48. Lakini kolera inapopanda huko Bukama, mara nyingi hakuna askari njiani. Gari laondoka, mashua yaondoka. Mlinzi wa mlango ni wewe mwenyewe.

Maneno tunayojibiwa

Wa kwanza asema: "Nauli yangu itapotea." Ndugu, ni kweli, nami najua franka zinavyopatikana kwa taabu. Lakini fikiri vizuri. Franka zile umekwisha kuzitoa. Ukienda, hazirudi, ukikaa, hazirudi. Basi hazifai kuwa sababu ya kwenda. Mwendee mwenye mashua mapema, umwombe akuwekee nafasi siku nyingine. Wengine hukubali. Na kama akikataa, umepoteza nauli tu. Haya ni machungu, lakini mtu huyaponya kwa kazi ya mikono yake.

Wa pili asema: "Mimi nina nguvu, nimekwisha kunywa maji yale tangu utoto." Kolera haiogopi nguvu. Mtu mwenye nguvu aliyepoteza maji yote ya mwili wake aweza kufa kwa saa chache tu, kabla jua halijatua.

Wa tatu asema: "Mimi ni mtu wa imani. Mungu atanilinda." Huyu napenda kumjibu kwa upole, maana nami ni wa imani ile ile. Soma tena habari za safari ya Paulo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 27. Merikebu ilikuwa Krete, mahali paitwapo Bandari Nzuri, na majira ya safari yalikuwa yamepita. Paulo aliwaonya kwamba safari ile ingeleta hasara. Lakini akida aliyewasimamia wafungwa alimsikia zaidi nahodha na mwenye merikebu, na wengi wakataka kuendelea. Upepo wa kusi ukavuma kwa upole, nao wakafikiri wamefanya vema. Kisha tufani ikawashika. Watu wote 276 waliokolewa, lakini merikebu ilivunjika na mizigo ikapotea. Ona: mtu wa imani kuliko wote katika merikebu ile ndiye aliyesema wangoje. Kungoja kwake hakukuwa upungufu wa imani. Mungu ametupa akili ili tuitumie kabla ya tufani.

Wa nne hasemi kwa sauti, lakini ndiye mwenye neno zito kuliko wote. Moyoni asema: "Ndugu zangu watanidharau. Watasema nimekuwa mtu wa mji, nimewasahau." Huyu ndiye mimi.

Jambo lililonipata

Miaka michache iliyopita yaya wangu alikuwa akimwoza binti yake huko Kikondja. Kwetu mtoto wa yaya wangu ni mtoto wangu. Mimi ni baba yake mdogo, na kiti changu kilikuwa tayari kwa siku ya kupokea mali ya ndoa. Nauli nilikuwa nimelipa. Mke wangu alikuwa amenunua kitenge. Kisha habari zikaja kwamba wagonjwa wa kolera wanaongezeka kila juma katika vijiji vya ziwa.

Usiku ule nilijiuliza maswali matatu. Je, safari hii yaweza kungoja? Je, nikifika kule nitakuwa msaada au mzigo? Na nikirudi na mdudu yule, nani wa kwanza nitakayempa? Swali la tatu lilinijibu lenyewe, maana kesho yake nilikuwa zamu katika chumba cha watoto.

Nilimpigia yaya wangu simu. Nilimwomba aisogeze arusi mbele. Akakataa, wakwe walikuwa wamekwisha kuja. Nikamwambia kwamba mimi sitakuja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mudogo wangu, na kama ungekuwa msiba wangu, ungekuja?" Akakata simu.

Arusi ikafanyika. Nami nitakuambia kweli yote, ingawa haisaidii neno langu: hakuna hata mmoja wa jamaa yetu aliyeugua. Walikula, walicheza, walirudi wazima. Mmoja wao alipita nyumbani kwangu hapa Likasi akanicheka mlangoni. Kwa miezi mingi yaya wangu hakunipigia simu.

Je, nilikosa? Nimelifikiri sana jambo hili. Mtu akivuka mto wenye mamba akafika salama, hatusemi kwamba mto hauna mamba. Shauri jema halipimwi kwa yale yaliyotokea baadaye tu. Hupimwa pia kwa yale uliyoyajua siku ile ulipolikata. Siku ile nilijua kwamba ugonjwa unapanda, na kwamba kazi yangu ni kati ya watoto wagonjwa. Ningejua yale yale leo, ningekaa tena. Lakini sitakudanganya kwamba kukaa hakuna bei. Kuna bei, nami niliilipa.

Ugonjwa ulipotulia nilikwenda. Nilichukua mbuzi mmoja, na kile kitenge, nikaenda kwa yaya wangu bila kutuma habari. Sikujitetea. Alinitazama, akamwita mkewe, akasema, "Mwekee chakula. Huyu hakula kwenye arusi."

Kama huna budi kwenda

Simkatazi kila mtu kila safari. Kama mama yako yu mgonjwa na hakuna mwingine wa kumtunza, nenda. Lakini nenda kama mtu anayejua hatari.

Chukua maji yako ya kunywa kutoka nyumbani, yaliyochemka, katika chombo chenye kifuniko. Yakiisha, usinywe mengine isipokuwa yaliyochemshwa au kutiwa klorini kama walivyokufundisha katika kituo cha afya. Chukua sabuni, nawa mikono kila utokapo chooni na kila utakapo kula. Kula chakula kilichopikwa sana, kingali cha moto. Kilioni usioshe maiti ya mtu aliyekufa kwa kolera. Waache wenye kazi hiyo waifanye. Kama chanjo ya kolera ya kunywa inatolewa mahali ulipo, inywe kabla ya safari, lakini usiache kuchemsha maji.

Ukiharisha maji meupe kama maji yaliyooshea mchele, usingoje asubuhi. Kunywa hapo hapo maji ya SRO. Kama huna pakiti, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Kunywa huku unakwenda kituoni. Anayefika mapema na kutunzwa vema, karibu kila mara hupona. Na urudipo nyumbani, kwa siku tano za kwanza usiwapikie wengine, na usafi wa choo chako uutunze kama ungekuwa mgonjwa.

Neno la mwisho

Msomaji, ukikata shauri la kungoja, usinyamaze tu. Wapigie ndugu zako simu wewe mwenyewe, kabla ya siku ya safari. Waambie sababu. Tuma mchango wako. Sema siku gani unatumaini kwenda, na siku hiyo ikija, nenda kweli. Asiyekwenda akanyamaza amevunja udugu. Asiyekwenda akaeleza, akatuma, kisha akaja, ameutunza.

Nanyi mnaongoja kule kwenye maziwa, mkisikia sauti ya ndugu akisema, "Sitakuja mwezi huu," msimwulize kama anawapenda. Mwulizeni atakuja lini, mkamwekee chakula chake.