MAMBO YA NYUMBANI: Mshipi, Ndoana na Kikundi cha Mwaloni



Mwalimu mmoja aliyehamia kwetu Kigoma ameniuliza neno ambalo wengi wamekwisha kuniuliza. Ana watoto watano, mshahara wake ni haba, na kila asubuhi afunguapo mlango huliona ziwa mbele yake. Je, yawezekana kupata samaki wa kitoweo bila kununua mtumbwi wala nyavu, na bila kuingia katika makosa? Namjibu: Yawezekana, ila asianze na ndoana, na aanze na watu.

Nitaeleza sababu, ijapokuwa habari yenyewe yanitia haya.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wetu, tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua. Ziwa hili si letu peke yetu. Ni la nchi nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, nazo zilitia sahihi mapatano ya kulitunza mwaka 2003. Siku zile za kufungwa kitoweo kilikuwa shida nyumbani mwangu. Ndipo kijana wangu mkubwa alipoanza kurudi alfajiri na samaki kikapuni, wadogo kama kidole cha mtoto. Sikumwuliza alikowapata. Mama yake akawakaanga, tukala, tukashukuru. Nilijua, nami nilijifanya sijui.

Usiku mmoja walinzi wa mwalo wakamkamata yeye na wenzake karibu na matete, wakikokota kokoro lililoshonwa kwa vyandarua. Wavu ukachukuliwa, faini ikatozwa, nami nikauza mbuzi wawili. Nilipoanza kumkemea, akaniambia kwa upole, "Baba, samaki wale si tulikula sote?" Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa mwenyekiti wa kikundi, si kulalamika, bali kujifunza. Na haya ndiyo tuliyojifunza.

Vikundi hivi serikali huviita Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi. Watu wa pwani husema BMU tu. Wengi hudhani kwamba ni vya wenye mashua. Sivyo. Wamo mabaharia, washonaji wa nyavu, wachuuzi, na akina mama waanikao dagaa. Kazi yao ni kuulinda mwalo, kuandika vyombo na samaki wanaopatikana, na kumsaidia afisa uvuvi. Kwao utapata habari za leseni, za kiingilio, na za mahali palipokatazwa. Ada hazilingani kila mahali. Basi uliza kwanza, lipa, nawe udai stakabadhi.

Tena nenda wakati wa mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa katika usiku wa giza, maana dagaa huufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, nao wavuvi hukaa pwani wakitengeneza nyavu zao. Siku hizo wana nafasi ya kuzungumza. Keti nao, shika uzi uwasaidie, na maneno yatakuja yenyewe. Ukienda siku za giza utawakuta wamelala, au wana haraka.

Ama mahali, uliza katika mialo mikubwa: Kibirizi upande wa kaskazini wa mji, na Katonga upande wa kusini. Mwenye mshipi wa mkono hahitaji chombo; miamba ya huku Bangwe yamtosha, akionyeshwa na wenyeji pale panaporuhusiwa. Wala asijisumbue kununua mshipi mrefu. Ni kweli kwamba ziwa letu lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya ziwa la Baikal; lakini chini ya mita mia moja au mia mbili maji hayana hewa ya kuwatosha samaki. Riziki yetu iko juu na kando. Usivue penye magati ya meli bila ruhusa, wala katika maji ya hifadhi. Hifadhi ya Mahale, kwa mfano, iliyowekwa mwaka 1985, mpaka wake waingia hata ziwani.

Vyombo ni vichache: mshipi, ndoana, kipande cha risasi, na chambo. Ndoana isiwe ndogo mno, ili usitoe vifaranga. Angalia unapokanyaga, kwa maana yuko nyoka wa maji, wa jamaa ya swila, akaaye katika miamba na kula samaki. Jihadhari na mamba, hasa alfajiri na jioni. Na upepo wa kusini ukivuma kwa nguvu, rudi nyumbani. Kitoweo cha kesho kipo.

Neno moja zaidi juu ya kuhe. Samaki huyu mkubwa hulea kwa namna ya ajabu: dume na jike hukaa pamoja wakilinda mayai na vifaranga vyao. Ukimwona kuhe akizungukazunguka mahali pamoja, asiondoke, umwache. Ukimtoa huyo, hukumpata samaki mmoja. Umeacha kundi zima bila mlinzi, na wengine wataliwa kabla ya jua kuchwa.

Mwanangu sasa ameandikwa katika kikundi, na yumo katika zamu ya wale wanaolinda matete yale yale alikokamatwa. Wenzake wa zamani walimcheka mwanzoni. Jumamosi mimi naye huketi mwambani na mishipi yetu. Samaki wetu si wengi. Pengine hurudi na wanne, pengine na kikapu kitupu. Lakini wakiletwa mezani, huuliza kila mara, "Wametoka wapi hawa?" Naye hunijibu.

Basi, mwalimu mwenzangu, hilo ndilo jibu langu. Mwezi ukipevuka, njoo Bangwe, twende pamoja kwa mwenyekiti.

Wasalaam.