UWANJA WETU USIKATWE VIWANJA

Katika toleo hili twapenda kuweka mbele ya wanachama wote shauri moja ambalo limesemwa sana barazani, njiani na baada ya saa za kazi, lakini bado halijasemwa mahali lilipostahili kusemwa, yaani katika mkutano. Nalo ni shauri la uwanja wa michezo wa hapa kwetu Tongoni, ambao wenye nyumba wamekuwa wakiufyeka na kuutunza kwa michango yao. Wako waonao kwamba yafaa uwanja ule ukatwe, sehemu yake iuzwe, na fedha itakayopatikana itengeneze njia na mifereji. Wako na wengine wasemao kwamba usiuzwe, ila uzungushiwe ukuta, uwe na lango na ufunguo, wala asiingie mtu ila yule ambaye nyumba yake imelipa mchango. Sisi hatukubali shauri la kwanza wala la pili, na maadam ni wajibu wa gazeti la chama kusema wazi lionalo kuwa ni haki, twawaomba wasomaji watuvumilie tukieleza sababu zetu.

Kwanza tuwape wenzetu haki yao, kwa kuwa hawasemi upuuzi. Aombaye fedha za njia ameona masika yanavyogeuza vichochoro kuwa madimbwi, hata mgonjwa akabebwa mgongoni mpaka barabara kubwa. Naye aombaye ukuta ameona mbuzi wakilishwa golini, na takataka zikimwagwa usiku pembeni mwa uwanja uliofagiliwa mchana. Tena hakuna jambo livunjalo moyo wa mtu mwaminifu kama kulipa kila mwezi na kumtazama asiyelipa akifaidi sawasawa naye. Malalamiko hayo ni ya kweli, na chama kisichoyajibu hakitadumu. Lakini dawa iliyoletwa ni mbaya kuliko ugonjwa.

Tupige hesabu, kwa sababu sisi ni watu wa hesabu. Uwanja wa mpira wa miguu wa kipimo kamili una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140, kadiri ya eka moja na robo tatu. Ukiukata viwanja vya nyumba vya mita 20 kwa mita 20, hata usipoacha njia ya kupita katikati, hutapata viwanja 18 kamili. Utapata 17 na kipande. Basi jamaa 17 watafaidi, na watafaidi mara moja tu. Fedha yao itatengeneza njia ambayo mvua za miaka michache zitaichimbua tena, na wakati huo hapatakuwa na uwanja wa pili wa kuuza. Njia yaweza kutengenezwa upya kila mwaka, bali ardhi iliyokwisha kujengwa nyumba hairudi kuwa uwanja. Nani amewahi kuona watu wakibomoa nyumba 17 ili watoto wapate mahali pa kucheza?

Na watoto watacheza tu, tupende tusipende. Ukiwanyima uwanja watakwenda katika barabara ya Pangani penye magari, au watakwenda kwenye magofu. Wanachama wote wajua kwamba Tongoni ni mji wa kale, na kwamba msikiti wake uliobomoka na makaburi yake yapatayo 40, mengine yenye nguzo, ni ukumbusho wa watu walioishi hapa zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mambo ya kale yanalindwa kwa sheria ya mwaka 1964, wala si mahali pa kupigia mpira ukutani. Mwenye kutaka makaburi yale yaheshimiwe, na ahakikishe kwanza kwamba watoto wana mahali pengine.

Sasa tuje kwenye ukuta. Wengi wetu tulikuja Tongoni kwa sababu ya kazi za mjini Tanga, tukapenda hewa ya bahari, tukapata mahali pa kujenga. Tuliwakuta wavuvi na wakulima ambao mababu zao wamezikwa hapa. Walitupokea, wakatuuzia samaki, wakatuonyesha visima, na katika misiba walitutangulia kufika. Leo tukijenga ukuta na kuwaambia watoto wao wakae nje kwa kuwa baba zao hawana nyumba za bati wala risiti ya mchango, tutakuwa wageni tuliowafungia wenyeji mlango. Tena wako makarani vijana wenzetu waliopanga vyumba. Hao si wenye nyumba, na kwa kanuni ya ufunguo nao watasimama nje. Je, chama chetu ni cha watumishi, au ni cha mabati?

Katika jambo hili hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Tarehe 24 Machi 1922, mjini Tanga, makarani na watumishi wengine Waafrika wa Serikali waliunda chama chao cha watumishi wa Tanganyika, na aliyewaongoza ni Bwana Martin Kayamba, karani aliyesoma Kiungani, Unguja, ambaye mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Chama kile kilikuwa na mahali pa kukutania na kusoma magazeti, na kilikuwa na timu ya mpira. Wengine wakisoma habari hizo huona kwamba mpira na magazeti yalikuwa mapambo tu, na kwamba kazi ya kweli ilikuwa kudai mishahara na heshima. Sisi twaona kinyume. Mkristo wa misheni na Mwislamu wa pwani, Mbondei na Mzigua na mtu wa Nyasa, hawakuweza kudai neno pamoja kabla ya kuzoeana, na mahali pa kuzoeana palikuwa pale pa kucheza na kusoma. Hata kabla yao, vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa vimekwisha kuwafundisha watu wa Tanga kuwa na vyeo, kanuni na michango. Mwaka 1929 makarani na walimu wa namna hiyo hiyo walianzisha African Association mjini Dar es Salaam, na katika mti huo ndimo ilimochipuka TANU mwaka 1954. Tusidharau basi mchezo, wala tusidhani kwamba mahali pa kukutania ni kitu cha anasa.

Tutazame tena uwanja wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Wakati wa ukoloni mahali pale paliachwa wazi ili pawatenge Waafrika wa Kariakoo na watu wa upande wa pili wa mji. Lakini mahali palipoachwa kwa ajili ya kutenga pakawa mahali pa kukusanyika, kwa mchezo, kwa sala za sikukuu na kwa mikutano. Hiyo ndiyo tabia ya uwanja usio na ukuta: hata aliyeukusudia ubaya hawezi kuuzuia usilete watu pamoja. Sisi tulio huru tutajengaje ule utengano ambao hata mkoloni hakuweza kuudumisha?

Lakini asidhani mtu kwamba uwanja usio na ukuta wapaswa kuwa uwanja usio na ulinzi. Majirani zetu wa Nairobi wametupa mafunzo mawili. La kwanza ni la bustani ya Jeevanjee, ambayo Bwana A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa mji mwaka 1906. Ilipofika mwaka 1991 palitolewa shauri la kuitoa bustani ile ijengwe majengo ya biashara na ya kuwekea magari. Bibi Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, pamoja na wananchi wengi, walipinga kwa nguvu, na shauri likaachwa. La pili ni la shule ya msingi ya Lang'ata Road. Mwezi Januari 2015 wanafunzi walirudi shuleni wakakuta ukuta umejengwa katika uwanja wao wa kuchezea. Walipoandamana na kuusukuma ukuta ule, polisi waliwafyatulia moshi wa kutoa machozi, watoto wadogo waliovaa sare za shule. Ghadhabu ilienea Kenya nzima, na uwanja ukarudi mikononi mwa shule. Twafurahi kwamba ulirudi, lakini twauliza: je, watoto wetu nao wangoje moshi ndipo sisi wazee tukumbuke kuandika karatasi?

Karatasi ndiyo kazi yetu, na karatasi ndiyo ukuta tunaoutaka. Katika nchi yetu ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na sisi tuitwao wenye nyumba tuna haki ya kuitumia tu. Basi, kabla hatujabishana juu ya kuuza, tujiulize kwanza kama ni haki yetu kuuza. Ikiwa uwanja umo katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa watu wazima wote. Sheria hiyo hiyo yatoa nafasi ya kuitenga ardhi ya matumizi ya wote, na kuiandika katika daftari lake. Ikiwa uwanja umo katika eneo lililopimwa la mji, basi wapaswa kuonekana katika mchoro wa mipango miji kuwa ni mahali pa michezo, na matumizi hayo hayabadilishwi kwa maneno ya barazani. Kwa njia zote mbili kamati yetu ya wenye nyumba haina mamlaka ya kuuza hata hatua moja ya ardhi ile. Anunuaye kwetu atakuwa amenunua kesi.

Kwa hiyo twaleta mashauri yetu, nayo ni machache. Kwanza, katibu aandike barua kwa serikali ya mahali hapa, aombe kuona uwanja umeandikwaje. Na kama haukuandikwa, uombwe uandikwe, upimwe, na mawe ya mipaka yawekwe mbele ya wazee wa Tongoni wanaoijua mipaka ya zamani.

Pili, kamati ya uwanja isiwe ya wenye nyumba peke yao. Awemo mpangaji, awemo mvuvi, awemo mwalimu, awemo mama mmoja au wawili, na awemo kijana mmoja wa wale wanaocheza kweli. Uwanja wa mpira wa pete wahitaji mita 30 na nusu kwa mita 15 na robo tu. Basi haiwezekani kusema kwamba wasichana wamekosa nafasi. Wamekosa msemaji tu.

Tatu, na hili ndilo jibu letu kwa wale wanaolipa na kuchoka, hesabu zisomwe. Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kila atoaye mchango, awe ametoa mkononi au kwa simu, apewe stakabadhi yenye nambari. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina abandike ubaoni fedha iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki, na kila nusu mwaka wanachama wawili wasio wa kamati wakague daftari. Asiyeweza kutoa fedha atoe kazi: siku moja ya kufyeka, au kuzibua mfereji, nayo iandikwe daftarini kama mchango wa mtu mwingine yeyote. Mvuvi aliyefyeka Jumamosi hatamwachia mtu amwage taka Jumapili. Hapo ndipo mwenye kulipa atakapoona kwamba halipi peke yake, na mbuzi watapata mchungaji.

Nne, habari ya njia na mifereji isiachwe. Ifunguliwe hesabu yake yenyewe, mbali na hesabu ya uwanja, na kamati ipeleke maombi kwa Halmashauri pamoja na orodha ya majina na kiasi cha nguvu ambacho watu wako tayari kukitoa. Ombi lenye mchango nyuma yake husikilizwa upesi kuliko malalamiko matupu.

Twajua kwamba wako watakaosema mashauri haya ni ya polepole, na kwamba fedha ya mnunuzi ingepatikana kesho. Ni kweli. Lakini sisi makarani, ambao maisha yetu yote tumeona majalada yakiokoa haki za watu na majalada yaliyopotea yakiziangamiza, hatuna udhuru wa kuuacha uwanja wa watoto bila jalada. Wenzetu wa mwaka 1922 hawakuwa na mali wala sheria ya kuwatetea. Walikuwa na kalamu, kanuni na mchango mdogo uliotunzwa vema.

Twawasihi wanachama wote, wenye nyumba na wapangaji, wahudhurie mkutano mkuu ujao, waje na wake zao na waume zao, na wawaalike majirani zao wenyeji. Anayetaka uwanja uuzwe na aje pia aseme wazi, tutamsikiliza kwa heshima. Tunalokataa ni uwanja kupungua hatua kwa hatua, kimya kimya, pembe hii leo na pembe ile mwakani, mpaka siku moja tukute goli limeegemea jiko la mtu. Shime, ndugu zetu. Kalamu tunazo, na tuzitumie.