Mitungi Ambayo Roma Haikuichonga

Mnamo mwaka wa 1543, msanii wa Kiitalia Enea Vico alitoa mfululizo wa michoro ya chapa inayoonyesha mitungi ya nakshi, pamoja na maandishi ya Kilatini yaliyodai kwamba mitungi hiyo ya kale iligunduliwa Roma. Kabla yake, mnamo 1530 na 1531, Agostino Veneziano alikuwa ametoa chapa za aina iyo hiyo, akiwahakikishia wanunuzi kuwa hivyo ndivyo wachongaji wa kale wa Roma walivyofanya kazi kwa shaba na marumaru. Wanunuzi waliamini. Hata hivyo, mingi ya mitungi hiyo haina mwenzake miongoni mwa vyombo vilivyofukuliwa ardhini. Vishikio vyake ni nyoka waliojisokota, shingo zake zimejaa nyuso za vinyago, na yamkini baadhi yake isingeweza kusimama ikamiminwa maji bila kuanguka.

Hapa inafaa kugusia suala la istilahi. Tafsiri iliyozoeleka, yaani chombo cha maua, inapotosha, kwani mitungi ya marumaru ya Warumi ilikusudiwa kupamba bustani na nyua za matajiri, si kutiliwa maua. Kutohoa neno la Kiitalia nako kungetupa vazi, nalo Kiswahili kimekwisha kulipa kazi nyingine! Mtungi wa nakshi, kwa hiyo, ni jina linalojitosheleza.

Baadhi ya wahakiki huwatetea wachoraji hawa kwa hoja kwamba enzi ya Ufufuko wa elimu na sanaa barani Ulaya haikuutenga uigaji na ubuni. Hoja hii ina mashiko. Mjini Pisa upo mtungi mkubwa wa kale wa marumaru, ambao ubavuni mwake amechongwa Dionisi, mungu wa mvinyo, akiwa amelewa na kuegemezwa na mwandani wake. Nicola Pisano, karne nyingi baada ya mtungi huo kuchongwa, alimchukua mlevi huyo akamgeuza kuwa mzee mwenye heshima katika tukio la Yesu kupelekwa hekaluni, kwenye mimbari aliyoikamilisha mwaka wa 1260. Hakuna anayemlaumu, wala hapana sababu ya kumlaumu. Aliazima umbo, akalipa maisha mengine.

Kosa la Vico, basi, haliko katika mkono uliochora bali katika maandishi yaliyoambatana na mchoro. Kubuni mtungi ni sanaa. Kudai kuwa mtungi huo ulichimbuliwa ni ushahidi wa uongo. Tena ushahidi huo ulisafiri mbali. Chapa zilikuwa nyepesi na zilibebeka kwa urahisi, nazo zikawa vielelezo kwa wafua fedha na wafinyanzi ambao pengine hawakuwahi kukanyaga Roma. Kilichoitwa mtindo wa kale katika karakana zao kilikuwa, kwa kiasi kikubwa, mtindo wa miaka ya 1530 na 1540. Kufikia karne ya 18, tamaa hiyo ilikuwa imehamia kwenye mawe yenyewe: Giovanni Battista Piranesi, aliyechapisha michoro mikubwa ya mitungi na vinara mnamo 1778, aliuza vyombo vilivyoungwa kwa vipande vya kale na marumaru mpya nyingi.

Wanaodai kwamba desturi za wakati huo hazikuruhusu unyofu zaidi wamsahau Cherubino Alberti. Polidoro da Caravaggio alikuwa amepamba ukuta wa mbele wa jumba la Milesi mjini Roma, muda mfupi kabla ya mji huo kutekwa na kuporwa mwaka wa 1527, akichora mitungi ya kubuni kana kwamba imechongwa kwa jiwe. Alberti alipoitoa mitungi hiyo katika chapa mwaka wa 1582, aliitoa kama kazi ya Polidoro. Tangu hapo jua na mvua vimeufuta ukuta ule karibu wote. Anayetaka kujua leo Polidoro alibuni nini hana budi kuzitazama chapa na michoro ya walionakili, na kwa Alberti hahitaji kujiuliza mtungi ni wa nani.